Ghorofa la maji ya kisima: maji ya moto yanachuruzika, ning'oe mabomba?

Msimamizi_Kgb: Wakuu, naomba ushauri. Ghorofa la familia 12, Kigamboni, kisima kirefu, tangi juu ya paa, kila nyumba ina hita ya lita 50. Maji ya baridi yana nguvu, ya moto yanachuruzika, elementi zinaungua ovyo. Maabara imepima ugumu wa maji (wingi wa chokaa): 420 mg/l. Fundi anataka abadilishe mabomba yote.

KokiNusu: Usimpe hela bado. Baridi ikiwa na nguvu, tangi halina kosa. Kizuizi kiko kwenye hita au mbele yake. Fungua kwanza vichujio vya midomo ya bomba na hozi za hita, vipande vya chokaa hujazana humo. Ukibaki na shaka, kata kipande cha bomba kinachotoka kwenye hita uchungulie ndani.

FundiHita: Chokaa huganda maji yanapopashwa moto, ndiyo maana upande wa baridi umepona. Elementi ikivikwa ukoko, joto halitoki, inajiunguza yenyewe.

Zima umeme kwenye swichi kuu, hakikisha kwa testa. Funga koki ya kuingizia, acha maji yapoe, mwaga yote, toa elementi, zoa tope la chini. Loweka elementi kwenye asidi ya limau ya unga, gramu 50 kwa lita ya maji vuguvugu, saa moja au mbili; vichwa vya nyaya visilowe. Usikwangue kwa kisu. Fimbo ya magnesiamu (inayokinga hita isipate kutu) ikiliwa hadi nusu, weka mpya, na gasketi pia.

Kisha jaza hita mpaka bomba la moto litoe maji bila hewa, ndipo uwashe. Hapa ndipo elementi mpya nyingi hufia, zikiwashwa kavu! Weka 60°C, si 75. Rudia kila miezi 6.

MamaTangi: Asidi hiyo isikutane na Jik, itatoa gesi ya klorini.

Msimamizi_Kgb: Shukrani. Vipi sumaku za kufunga kwenye bomba, au mtambo wa kulainisha maji unaotumia chumvi?

KokiNusu: Sumaku haiondoi chokaa kwenye maji. Hela hiyo nunulia elementi za akiba.

MamaTangi: Mtambo unafanya kazi, ila piga hesabu. Mkitumia lita 6,000 kwa siku, hiyo ni kilo 2.5 za chokaa kila siku. Resini (punje za mtambo zinazonasa chokaa) lita 100 hubeba kama kilo 5, kwa hiyo utaiosha kila baada ya siku mbili kwa chumvi kilo 15 hivi. Maji ya vyooni na bustani yasipite humo. Na kama kisima kina ladha ya chumvi, mtambo huo hautaiondoa.