Nyie mliotangulia Berlin, habari ya kugonga tiketi mlikuwa mnamfichia nani?

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Jana Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kutoka na kuzunguka Berlin. Nimefika Jumatano, siku zote hizo zimeishia kwenye makaratasi na usingizi. Nina mwenyeji hapa, mtu wa nyumbani kabisa, tumekua wote Lindi, na huu ni mwaka wake wa saba katika mji huu. Tulikubaliana atanizungusha. Saa mbili asubuhi ananitumia ujumbe: "Mdogo wangu, nimepata shifti. Mji huu mwepesi sana, nunua tiketi panda treni." Basi, hayo ndiyo maelekezo yote niliyopewa. Mwepesi kwa nani?

Nikaanza na mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyeko makumbusho, maana si mbali na nilipofikia, nilikwenda kwa mguu. Mtu wa Lindi ukifika Berlin usimsalimie yule mnyama, nyumbani utajibu nini? Yuko ukumbini, kasimama mita 13 na ushei, mpaka shingo inakuuma kumtazama. Mifupa ilichimbwa kwetu kati ya 1909 na 1913, wazee wetu wakaibeba kwa miguu toka porini hadi bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Mimi mjukuu wao nikapanga foleni, nikalipa kiingilio. Hilo lina uzi wake, leo silianzi.

Natoka hapo nina kiu. Jumapili maduka yao yamefungwa, ndiyo sheria, yanabaki ya stesheni na vibanda vya hapa na pale. Nikapata chupa ya maji. Kufungua tu, fyuu, shati lote. Maji yana gesi! Yanawasha koo kama soda iliyosahauliwa sukari. Nikameza nusu kwa ubishi, chupa nikaitupa kwenye pipa, na kabla haijatulia mzee mmoja kashaitoa na kuitia mfukoni kwake. Kumbe ile chupa ukiirudisha dukani unapewa senti 25. Kwa mwenyeji wangu nimeona chupa tupu zimejaa mifuko mizima nyuma ya mlango. Nilidhani ni uchafu.

Sasa sikilizeni penyewe.

Nilitaka kwenda kuona mtaa wa Maji Maji. Kuna eneo kule Wedding, sehemu moja ya Berlin, lina mitaa ya majina ya kwetu, Sansibarstraße, Usambarastraße. Mmoja uliitwa Petersallee, jina lililowekwa 1939 kumtukuza Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani tuliyesimuliwa kuwa ni Mkono wa Damu. Agosti 2024 wakalifuta, kipande kimoja kikawa Maji-Maji-Allee. Treni ni ileile inayopita hapo makumbusho, ile U6 ya chini ya ardhi, unashuka stesheni ya Rehberge. Nikateremka chini, nikanunua tiketi kwenye mashine kwa hela yangu, nikaishika mkononi. Hakuna geti wala kondakta, mlango ukafunguka, nikaketi.

Stesheni ya tatu, kijana mmoja mwenye begi mgongoni na vidude masikioni, niliyemdhania mwanafunzi, anasimama anatoa kitambulisho. Mkaguzi. Nikampa tiketi kwa kujiamini, karibu nimsalimie. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, kisha akanionyesha kwa vidole, kama karani anayegonga mhuri hewani. Mhuri uko wapi? Wakuu, kumbe pale chini mnaposubiria treni kuna kisanduku, unachomeka tiketi inagongwa saa na tarehe. Usipogonga, unayo karatasi tu. Nikajieleza kwa Kiingereza, nikamwonyesha saa niliyonunua. Wapi! Tukashushwa, akaniandikia euro 60. Kwa tiketi niliyoilipia!

Ila huyo kijana sina ugomvi naye, yuko kazini. Ugomvi wangu ni na huyu wa Lindi. Nimempigia simu natetemeka, anacheka mpaka anakohoa. "Aah, hata mimi walinikamata wiki ya kwanza. Kila mtu anapitia hapo, ndo unakuwa mwenyeji." Yaani ulijua! Uliungua mwenyewe, ukakaa miaka saba na hiyo habari, halafu mdogo wako unamwandikia "nunua tiketi panda treni". Neno "gonga" lingekugharimu nini?

Na ninyi wengine msijifiche nyuma yake. Picha za theluji tunaziona, makoti tunayaona, ushauri wa "usije Ulaya bila mpango" kila wiki. Habari ya kisanduku hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Nilifika huko Maji-Maji-Allee, kwa mguu. Wazee wetu mwaka 1905 walikataa kodi na pamba ya lazima ya Mjerumani, mimi mjukuu wao nimesimama chini ya kibao chao nina faini ya Mjerumani mfukoni. Nikajipiga picha hivyohivyo, uso umenuna.

Sasa, wa Munich, Hamburg, Vienna, mwageni hapa kila kilichowapata siku ya kwanza. Na anayejua kama inawezekana kukata rufaa kwa tiketi iliyolipiwa aseme, nina siku 14.

Kaka, najua unasoma humu. Ile mifuko ya chupa nyuma ya mlango wako naihesabu leo jioni ukiwa kazini, na kesho naipeleka dukani mwenyewe.