Komredi na mswala: tupeane uzoefu wa wazee wetu

Mjukuu wa Ng'ambo: Assalaam alaykum wanajamvi. Juzi Jaws Corner, pale barazani pa kahawa Mji Mkongwe, Zanzibar, kijana mmoja kasema mkomunisti hawi Muislamu. Mzee mmoja akaweka kikombe cha kahawa chini, akaondoka zake. Mie nikamkumbuka babu yangu. Alikuwa Umma Party, chama cha makomredi alichoanzisha Abdulrahman Babu mwaka 1963 alipojitoa chama cha Hizbu (ZNP). Shubakani kwake msahafu juu, kitabu chekundu cha Mao chini. Akishaswali alfajiri, ndiyo anawasha redio asikilize Peking. Kwenu vipi?

Mpemba Halisi: Kwetu Wete, mjomba alirudi masomoni na maneno ya kugawana mali, na kuswali kaacha. Bibi akamuuliza, "Hayo umeyajulia kwa Warusi? Zaka ulikuwa huijui?"

Maalim wa Skuli: 😂 Bibi kamaliza. Mie nafundisha fasihi. Tukisoma Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi, wanafunzi wanampenda Yasmin, lakini kwa Denge, yule aliyesoma Urusi, wanasita: "Maalim, huyu anaswali?" Mwaka jana nikawapa Kuli, ya mwandishi huyo huyo, wasome habari za makuli wa bandarini na mgomo wa 1948. Binti mmoja kaandika pembeni mwa daftari ile hadithi ya Mtume: mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka. Nikampa alama zote. Mwenzangu akanilaumu eti nachanganya dini na fasihi. Sasa nitachanganya nini, nami sikuandika mie?

Kimya Kingi: Tusijipambe sana jamani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wanavyuoni wangapi walihama? Shekhe Abdallah Saleh Farsy, mfasiri wa Qurani, alikwenda Kenya akawa Kadhi Mkuu huko. Hasara ya kwetu, faida ya wenzetu.

Mtoto wa Komredi: Na makomredi nao hawakusalimika. Alipouawa Karume, Aprili 1972, baba alichukuliwa usiku. Abdulrahman Babu mwenyewe alikaa kizuizini Bara mpaka 1978. Baba hakutusimulia kitu. Tulichojua ni kwamba aliingia hajui Yasin kwa moyo, akatoka anaisoma yote bila kutazama. Na sisi watoto akituita makomredi hadi anakufa.

Mjukuu wa Ng'ambo: Allah amrehemu. Mpemba, mjomba alimjibu nini bibi?

Mpemba Halisi: Alicheka tu. Ijumaa ile tukamuona msikitini, safu ya nyuma kabisa, kachelewa hutuba.