Enzaimu ya papai kwa mbwa mwenye mafuta mengi kwenye damu?

Wakuu, mbwa wangu schnauzer kapimwa akiwa hajala tangu jana yake, seramu (maji ya damu) nyeupe kama tui, sasa jirani anasema nimpe enzaimu ya papai eti itayeyusha mafuta, kweli?

— Papaini, hiyo enzaimu ya papai, inakata protini bana, siyo mafuta. 1956 daktari Lewis Thomas aliwadunga sungura papaini mshipani, masikio yakalala chwii kama kitambaa kilicholowa, gegedu imelegea, siku chache yakasimama tena.

— Enzaimu ya mafuta ni laipezi, mwili unayo wenyewe kwenye kuta za kapilari (vimishipa vidogo vya damu). 1943 mtafiti Hahn aliona heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayoachia laipezi hiyo, inasafisha damu ya mbwa yenye mafuta, ila usijaribu home! Punguza mafuta kwenye msosi, vet acheki thairoidi na sukari.

— Duh, na ngozi ya kuku nampa kila siku 😅