Wakuu, natafuta kumbukumbu za babu yangu Mskoti. Naanzia wapi?

Sangara Mkavu:
Habari za jioni wanajukwaa. Nina jambo linaninyima usingizi, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu, matusi hapana.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mzungu wa Uskoti. Alikuwa fundi wa injini za meli hapa Mwanza enzi za mkoloni, alikuja na MV Victoria. Baadaye akarudi kwao, bibi akabaki na baba mchanga. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Baba yupo, alistaafu utumishi wa umma 2016 kwa umri wa miaka 60.

Nataka cheti cha kuzaliwa cha babu na kumbukumbu za ukoo wao. Jina lake ninalo, ukoo unaanza na Mac, nisiuanike hapa. Nimeshaandikia ofisi ya vizazi na vifo ya Uingereza, wamejibu hawana mtu wa hivyo. Nifanyeje? Nina haraka kidogo.

Mzee wa Kemondo:
Babu kaondoka miaka sitini na ushee, leo ndiyo una haraka? Ngoja nivute kiti.

Bi Karani:
Mdogo wangu, umebisha hodi nyumba siyo. Ofisi uliyoiandikia ni ya Uingereza na Wales. Uskoti wana daftari lao tangu tarehe 1 Januari 1855, na halijawahi kuwa la Waingereza. Watunzaji wake ni National Records of Scotland, wako Edinburgh, na tovuti yao inaitwa ScotlandsPeople. Ukijisajili, kutafuta jina kwenye faharasa ni bure. Kuona picha ya ukurasa wenyewe ndiyo unanunua krediti.

Sasa sikiliza hapa. Picha za vizazi hazionekani mtandaoni mpaka ipite miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Kwa hiyo kama babu alizaliwa miaka ya 1920 mwishoni, utaona jina kwenye faharasa lakini ukurasa hufungui. Usikate tamaa, unaagiza nakala rasmi ya cheti unatumiwa kwa posta. Si lazima uwe ndugu.

Na vyeti vya Waskoti vina raha yake. Cha kuzaliwa kinakutajia ukoo wa mama kabla hajaolewa, na hata siku na mahali wazazi walipofunga ndoa. Cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu wote wawili. Kimoja kinakupeleka kizazi cha nyuma, cha huko kinakupeleka nyuma tena. Nipo Glasgow mwaka wa kumi na kitu huu, usiku nasafisha maofisi, mchana nikipata nafasi nakaa Mitchell Library nasoma maisha ya watu nisiowajua. Ni ugonjwa.

Mhaya wa Nyakato:
Umenikumbusha Victoria! Daraja la tatu, Bukoba hadi Mwanza usiku kucha, mkungu wa ndizi ndiyo mto wako, pembeni kuna mama ana senene kwenye ndoo anakuuzia kwa kijiko. Siku hizi wameikarabati, inaitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Baada ya MV Bukoba kuzama mwaka 1996 mama yangu aliapa hapandi meli tena, na mpaka leo anazunguka na basi.

Sangara Mkavu:
Asante sana dada Bi Karani. Wengine turudi kwenye mada jamani.

Ustadh wa Pasiansi:
Kijana, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa nasaba yake ni kwa mama. Mzungu alikuja, akapita, akaenda. Aliyemlisha baba yako na kumsomesha ndiye babu. Unafukua makaburi ya nini?

Bi Karani:
Ustadh, mwenzako hajauliza nasaba, kauliza nyaraka. Ila na mimi nina swali. Mdogo wangu, cheti cha kuzaliwa cha baba yako kimeandika baba yake ni nani?

Sangara Mkavu:
Hilo si swali nililouliza dada. Mimi nataka cha babu tu.

Wakili wa Kijiweni:
Ha! Haraka imejulikana. Huyu anataka viza ya ukoo ya Uingereza. Kubali, tusonge mbele.

Sangara Mkavu:
Sawa. Ni kweli, kuna hiyo viza, na siyo dhambi. Nina miaka 34, nina diploma ya umeme, naendesha bodaboda ya mtu.

Kuhusu cheti cha mzee: alikifuatilia RITA, ofisi yetu ya vizazi na vifo, alipokaribia kustaafu, na mle ameandikwa mzee aliyemlea, mume wa bibi. Mzungu hayumo. Mzee hataki kabisa kusikia habari zake, ukianza tu anatoka nje. Lakini nimepata wakala hapa mjini anasema ni jambo dogo, wanakula kiapo mahakamani, cheti kinarekebishwa, mzee hata hahitaji kusumbuliwa. Nimeshamlipa nusu. Nusu iliyobaki mteja wa kiwanja changu cha Buswelu yuko tayari. Msinihukumu, ninachorekebisha ni ukweli.

Wakili wa Kijiweni:
Unarekebisha cheti cha mtu aliye hai bila yeye kujua? Hicho kiapo anakula nani, wakala?

Hiyo viza ni hivi. Uwe raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, Tanzania tumo. Uwe na miaka 17 au zaidi, uwe na nia ya kufanya kazi kule, uombe ukiwa nje ya Uingereza, na mmoja wa babu au bibi zako awe amezaliwa kule, Uskoti ikiwemo. Ukipata unakaa miaka 5. Babu na bibi kutofunga ndoa hakukuzuii, hilo wamelisema wenyewe. Kinachokukwamisha ni mnyororo: cheti chako kikupeleke kwa baba, cha baba kikupeleke kwa Mskoti. Kiungo cha katikati huna. Na hicho anachotaka kukutengenezea wakala kikigundulika, hupati viza, na jina lako linabaki na doa kila utakapoomba tena.

Sangara Mkavu:
Kwa hiyo niache pesa zangu zipotee? Wakala ameshawapeleka watu. Na bibi mwenyewe alinitajia jina la babu kwa mdomo wake, mimi sijabuni mtu.

Mzee wa Kemondo:
Ameshawapeleka wapi? Kusikojulikana?

Mtoa Hesabu:
Samahani, nimekaa kimya nikipiga mahesabu. Mleta uzi anasema baba kastaafu 2016 akiwa na miaka 60. Basi kazaliwa 1956. Na kwa mtumishi wa Kitanzania ongeza miaka miwili mitatu aliyoipunguza akienda shule, tuseme 1953. MV Victoria imeanza kazi 1961. Huyo fundi alikuja na meli ambayo haijatengenezwa? Hii ni chai, tena ya maziwa. Uzi ufungwe.

Mhaya wa Nyakato:
Duh! Nimelia bure kwa senene zangu.

Ustadh wa Pasiansi:
Nilisema mimi.

Sangara Mkavu:
Sijatunga! Bibi alisema "meli ya Viktoria", ndivyo nilivyokua nikisikia. Mnaweza kumbishia bibi yenu?

Jatelo wa Kisumu:
Ndugu zangu wa Tanzania, tulieni kidogo. Victoria ilitoka Glasgow, kiwanda cha meli cha Yarrow, ikaletwa vipande vipande mpaka hapa kwetu Kisumu ndiyo ikaunganishwa. Hapo Mtoa Hesabu ana haki. Lakini ziwa hili lilikuwa na meli za Waskoti hata kabla babu zetu hawajaoa. Usoga na Rusinga zilitoka Paisley, kiwanda cha Bow, McLachlan, miaka ya 1910, na zilikuwa bado zinazunguka Kisumu, Port Bell, Bukoba na Mwanza miaka ya hamsini. Bibi kusema meli ya Viktoria angeweza kumaanisha meli yoyote ya ziwa.

Tena tangu 1948 reli na meli zote zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, fundi alihamishwa leo Kisumu kesho Mwanza. Kijana apite pia Nairobi, Kenya National Archives, pale Moi Avenue, aulizie majalada ya reli. Na je, bibi hakuacha kitu chochote? Barua? Picha?

Sangara Mkavu:
Picha ipo moja. Nilinyamaza kwa kuogopa matapeli wa humu. Mzungu kavaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, amesimama karibu na bomba la moshi, mkono mmoja una tambara la kufutia oili. Nyuma kuna mhuri wa studio ya Kisumu umefifia, na kwa penseli, mwandiko wa kulalia, jina lake na neno Greenock.

Bi Karani:
Greenock! Na muda wote huu ulikaa nalo? Hiyo ndiyo ilikuwa habari, mdogo wangu, ulitakiwa uanze nayo.

Greenock ni mji wa bandari na viwanda vya meli, chini kidogo ya Glasgow mtoni Clyde. Kumbukumbu zake za wenyeji ziko palepale, kwenye Watt Institution, ndiko wanakotunza hifadhi ya Inverclyde. Waandikie barua pepe ya adabu, fupi, jina na miaka ya kukisia, usiwasimulie viza. Kwenye ScotlandsPeople bana utafutaji wako Greenock peke yake, na jaribu Mac na Mc zote mbili, makarani wa zamani waliandika walivyosikia. Sensa ya 1921 imefunguliwa tangu 2022, kama babu hayumo wazazi wake watakuwemo. Ya 1931 ya Uskoti ipo salama, ya Uingereza iliungua 1942, ila haifunguliwi mpaka miaka 100 itimie. Halafu kuna daftari za kodi za majengo mpaka 1940, zinataja mwenye nyumba na mpangaji, unaupata hata mtaa.

Cha mwisho, hifadhi ya taifa ya nyaraka, Kew kule London, wana orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kwenda nje mpaka 1960. Jina, umri, kazi, na anwani ya mwisho. Fundi wa injini anayekwenda Mombasa na anwani ya Greenock, hao si wengi.

Nitumie jina PM, kwa ujumbe wa faragha. Mitchell Library wana kompyuta za kuona na zile kurasa ambazo mtandaoni zimefungwa, Jumamosi nitapita.

Sangara Mkavu:
Mungu akubariki dada yangu. Natuma sasa hivi.

Bi Karani:
Subiri. Nitatafuta kwa sharti moja, mzee ajue. Hata ukipata cheti cha babu, kumuunganisha na baba yako kutahitaji kipimo cha mate, yaani DNA, na wa kupimwa ni mzee siyo wewe. Yeye ana nusu ya damu ya yule fundi, wewe una robo. Wajukuu wa Greenock wakiwa wamepima na wao, watatokea.

Sangara Mkavu:
Mzee nitamwambia nikishapata majibu.

Bi Karani:
Hapana. Kabla.

Mtoa Hesabu:
Picha iwekwe hapa, uso ufichwe. Bila picha mimi bado niko kwenye chai.

Sangara Mkavu:
Siweki. Dada, mzee amekaa hapo barazani sasa hivi anasikiliza redio. Nitaanzaje?

Jatelo wa Kisumu:
Mpelekee ile picha, ukae kimya. Usimtajie viza wala wakala.

Mzee wa Kemondo:
Na pesa yako kwa huyo wakala kaidai leo leo.

Dalali wa Ilemela:
Wakuu samahani kwa kuingilia. Hicho kiwanja cha Buswelu kimepimwa? Ukubwa gani?