Cherehani ya Babu na kipande cha siku thelathini: gumzo la ukoo wetu wa Korogwe

Hadija: Shikamooni wakubwa wote. Kuna fundi samani hapa Tanga ameiona picha ya cherehani ya Babu niliyoiweka mtandaoni. Anataka ile miguu ya chuma tu, aweke ubao juu iwe meza ya mgahawa. Bei aliyotaja ni nzuri. Nimjibu nini?

Mama Saidi: Marahaba mwanangu. Usimjibu kitu kabla Bibi hajasema. Cherehani ile si yetu sisi.

Rama: Niko naye kibarazani, nimemsomea. Anasema niandike maneno yake kama yanavyomtoka, nisiyapambe. Nitaanza na BIBI kila anaposema yeye.

Rama: BIBI: Hadija, marahaba. Hiyo miguu haiuzwi. Babu yenu aliikanyaga tangu kabla hajanioa mpaka macho yalipomkataa. Mwenye kutaka meza akachonge mbao. Hilo limekwisha.

Hadija: Nimesikia Bibi. Basi naomba utusimulie aliipataje. Sisi wajukuu tunajua tu kwamba Babu alikuwa fundi cherehani mjini. Mengine hatujui.

Baba Mdogo: Marahaba Hadija. Mzee hakuja Korogwe kushona. Alikuja kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, katikati ya miaka ya 1950, kutoka Kasulu. SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikiandikisha vibarua wa mkonge, ilimwandikisha kulekule Buha, nchi ya Waha. Treni ya reli ya kati, halafu lori, kwa sababu reli ya Ruvu hadi Mnyuzi, ya kuunganisha reli ya kati na ya Tanga, ilikuwa bado. Ile ilikamilika 1963.

Mama Saidi: Na mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye.

Baba Mdogo: Kweli kabisa. Mjerumani Hindorf aliuleta 1893. Katika miche elfu moja ikanusurika 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba yote haya tuliyokulia kando yake yametokana na miche hiyo.

Rama: BIBI: Huyo Mjerumani mimi simjui. Ninachojua ni kwamba mkataji alikuwa anatoka kambini alfajiri hakujapambazuka. Majani thelathini ni mzigo mmoja, unayafunga, unayapanga kando ya reli ndogo, yanachukuliwa na troli kwenda korona, kile kiwanda cha shamba, kusagwa. Ncha ya jani ni sindano. Wapo waliotobolewa macho. Babu yenu vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa na makovu mpaka anazikwa, na mlidhani ni mkasi wa ufundi.

Hadija: Nilidhani hivyo Bibi. Nilimuuliza mara moja akacheka tu.

Rama: BIBI: Alikuwa hapendi kuyasema. Sasa sikilizeni habari ya kipande, maana bila kipande hamtaelewa mji huu ulikula nini. Kila kibarua alikuwa na karatasi ngumu yenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi yako ya siku, nyapara anakutilia alama chumba kimoja. Usipomaliza, siku hiyo haipo. Umeumwa, haipo. Mpaka vitimie thelathini ndiyo unapewa mshahara. Kwa hiyo mwezi wa mkonge haukuwa mwezi wa kalenda. Mmoja alimaliza kwa wiki tano, mwingine kwa saba.

Rama: Kwa hiyo watu hawakulipwa siku moja wote?

Rama: BIBI: Andika na swali lako pia. Hawakulipwa pamoja. Posho ndiyo ilitolewa kila wiki: unga, maharage, chumvi. Fedha ilikuja kwa kipande. Ndiyo maana mji ulikuwa na wanunuzi wiki zote, leo wa shamba la Ngombezi, kesho wa Magunga. Ungekuwa mshahara wa siku moja, maduka yangejaa siku moja halafu watu wakae wanapiga miayo.

Baba Mdogo: Mama, hili ndilo nimekuwa nikiwaambia vijana hawa siku zote. Watu husema mji ulijengwa na reli. Reli ilileta kituo na mizigo. Lakini sukari, kaniki, mafuta ya taa, ushonaji, vitumbua, vyote vilikuwa vinasubiri kipande cha mkata mkonge kitimie.

Mama Saidi: Na magulio je? Watu wa milimani hawakuwa manamba.

Rama: BIBI: Hawakuwa, lakini walimuuzia nani? Siku ya gulio wanawake wa Bungu na Vugiri walishuka na ndizi, viazi, maharage, tumbaku, mizigo kichwani na mtoto mgongoni. Wazigua tulikuwa na mahindi na kuku. Treni ilileta ng'onda, papa mkavu na nazi kutoka pwani. Mnunuzi mwenye fedha mkononi alikuwa mtu wa kambi, kwa sababu hakuwa na shamba wala mke wa kumpikia. Mimi mwenyewe nilianza na vitumbua pale kituoni nikiwa msichana. Treni ya Moshi ikisimama tunanyanyua sinia mpaka dirishani. Kitumbua senti tano. Zile senti za mkoloni zilikuwa na tundu katikati, nilizitunga kwenye uzi wa katani nikazifunga kiunoni ndani ya khanga.

Hadija: Bibi! Hili hujawahi kusema.

Rama: BIBI: Hamjawahi kuuliza.

Mama Saidi: Mimi nilizikuta za Mwalimu, zile za 1966. Senti tano ina samaki, ishirini ina mbuni, sumni ina sungura. Tukitumwa dukani tulitajiwa mnyama, si hesabu.

Rama: Mimi nataka kujua cherehani ilifikaje.

Rama: BIBI: Alikaa mashambani mikataba miwili. Jirani yake wa kambini alikuwa fundi kutoka Songea, akamfundisha jioni kupinda na kutia vifungo kwa mkono. Mkataba ulipokwisha, wenzake walinunua blanketi na sanduku la bati wakarudi kwao. Yeye akaenda kwa Mhindi mwenye duka la kona, akaomba kukaa barazani. Mashine ilikuwa ya mwenye duka. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nacho nje kwa fundi, anapimwa papo hapo. Ujira wanagawana nusu kwa nusu na mwenye mashine. Alikanyaga hivyo mpaka akapata Singer yake. Baada ya hapo akalipa kodi ya baraza tu.

Baba Mdogo: Nusu kwa nusu, na uzi juu ya nani?

Rama: BIBI: Juu ya fundi.

Baba Mdogo: Basi huo haukuwa ugawaji wa haki. Mwenye duka alipata faida ya kitambaa, akapata na nusu ya jasho la Mzee. Na hao hao ndio walikuwa na pishi zilizobonyezwa chini. Babu wa upande wa mama alituambia: unapimiwa mchele kibaba cha mfuto, lakini ukileta mahindi yako kuuza, unatakiwa ujaze kibaba cha tele.

Rama: BIBI: Pishi ya namna hiyo ilikuwepo, sikatai. Niliiona kwa macho yangu kwenye duka jingine, na wanawake tukaacha kwenda pale. Lakini msimtie kila mtu kwenye chungu kimoja. Yule wa kona, mama yangu alipofiwa alitoa sanda akasema italipwa ikipatikana. Serikali ya mkoloni ilikuwa na sheria yake juu ya mikopo kwa sisi wenyeji: deni lisiloandikwa na kuidhinishwa na mkubwa wa serikali, mwenye duka hakuweza kulidai mahakamani. Alijua hivyo, na bado alitoa.

Baba Mdogo: Kwa huyo nimekuelewa Mama. Kwa uzi bado nasimama pale pale.

Rama: BIBI: Simama.

Hadija: Babu naye alikopesha?

Rama: BIBI: Fundi asiyekopesha angemshonea nani? Mtu anataka kaptura ya kaki leo na fedha hana. Babu yenu alisema, nionyeshe kipande. Anahesabu alama. Zimefika ishirini na tano, anashona, analipwa ikitimia. Ziko tano, anamwambia lete nusu kwanza. Na alijua nyapara yupi ni mkorofi, anayekata watu siku zao, kwa hiyo mtu wa nyapara yule alimwekea muda mrefu zaidi. Hakuwa na benki wala mdhamini. Ile karatasi ndiyo ilikuwa mdhamini.

Rama: Hapa naongea mimi. Ninauza vifaa vya simu stendi na ninakopesha kwa sura ya mtu tu. Sikuwahi kufikiri mkopo unaweza kupimwa kwa kazi ambayo mtu ameshaifanya.

Mama Saidi: Na barua, Mama, waambie.

Rama: BIBI: Aa, barua. Alikuwa anajua kusoma na kuandika, alisoma kwa wamisionari huko kwao. Jioni akimaliza kushona, watu wa Buha walikuja na karatasi. Anawaandikia nyumbani, anawajazia na fomu ya hawala ya posta. Wengi hawakutaka karani wa shamba ajue wametuma kiasi gani na kwa nani. Hakutoza kitu kwa barua. Lakini aliyeandikiwa barua kwake hakwenda kushona kwa mwingine.

Hadija: Sasa mkonge ulipoanguka?

Baba Mdogo: 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000, tukiongoza dunia nzima. Papo hapo bei ikaanza kushuka, kamba za plastiki zikaingia sokoni. 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi. Kufika 1990 hazikutimia hata tani 40,000. Mashamba yakapunguza watu, kambi zikabaki kuta.

Mama Saidi: Mimi nakumbuka upande wa maduka. Nilikuwa darasa la shule ya msingi, 1976, ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa, tukaambiwa tununue duka la ushirika. Nia ilikuwa njema, nasema kwa moyo wote. Lakini duka la kijiji kwa mjomba lilikuwa na rafu, karani na kiberiti. Unapanga foleni kutwa kwa sabuni kipande, na kitambaa hakuna. Baba akakaa mjini barazani kwake na mashine iliyotiwa mafuta, hana cha kushona. Ndipo akaanza kugeuza kola.

Hadija: Kugeuza kola ndiyo nini Shangazi?

Mama Saidi: Kola ya shati ikichakaa unaifumua, unageuza upande wa ndani uwe nje, unashona tena. Shati linapata miaka mingine. Suruali ya baba inakuwa ya mtoto. Shuka linakuwa mashati mawili. Sisi wote tumesoma kwa kola zilizogeuzwa, na baba mdogo wako akaenda chuo cha ualimu na koti lililokuwa la mtu mwingine.

Baba Mdogo: Lilikuwa la karani wa posta. Lilinikaa vizuri kabisa.

Rama: Bibi anasema amechoka kidogo, anataka kwenda kuswali Isha. Daftari la madeni la Babu liko wapi? Alisema lilikuwepo.

Mama Saidi: Liko kwangu, ndani ya kabati. Ngoja nipige picha kurasa chache niziweke hapa.

Mama Saidi: Nimeweka tatu. Mwandiko wake mdogo lakini unasomeka. "Kaptura kaki 1, nusu imelipwa, kipande 19." "Shati marekani, kipande 27." Hakuandika majina ya wengi, aliandika kambi na wanakotoka.

Hadija: Huyu wa ukurasa wa pili ni nani? "Binti wa vitumbua, shilingi 2, unga na sukari." Hana kipande.

Rama: Bibi amerudi kukaa. Nimemsomea.

Rama: BIBI: Ni mimi huyo. Mvua zilikata njia, treni haikuja, nikapoteza mtaji wote. Kipande cha kumwonyesha sikuwa nacho. Fungueni ukurasa unaofuata, nililipa.

Mama Saidi: Nimeufungua Mama. Kaandika: "Amemaliza yote."