Narudi LDC baada ya miaka kumi nje ya masomo: nianze na nini?

WestNile_Sheria
Habari zenu wakubwa. Shahada ya sheria nilimaliza 2014, nikaingia benki upande wa mikopo, na tangu hapo sijaandika hati hata moja ya mahakama. Sasa nimepata nafasi ya kozi ya uwakili LDC (Law Development Centre, chuo cha Uganda cha kuandaa mawakili), kampasi ya Lira. Nina majuma 12 kabla ya kuanza. Siku za kazi napata masaa mawili usiku, Jumamosi matano. Ninazo daftari za chuo na vitabu vya sheria vya toleo la 2000. Naomba msaada kwa mambo matatu: kipi katika hizo daftari bado kinafaa, maswali ya pale yanajibiwa vipi (nasikia si insha kama za chuo), na masaa haya machache niyagawe namna gani.

Mwalo_wa_Wandegeya
Karibu ndugu. Anza na vitabu vyako, maana hapo ndipo wengi wanaorudi huumia bila kujua.

Toleo la saba la Sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Sura, yaani namba ya kila sheria, zimehama, na vifungu vingi navyo vimehama. Sheria ya Mwenendo wa Madai uliyoizoea kama Sura ya 71 sasa ni Sura ya 282. Sheria ya Ushahidi imetoka 6 ikaenda 8, ya Ardhi imetoka 227 ikaenda 236, ya Usajili wa Hati Miliki imetoka 230 ikaenda 240, ya Mawakili imetoka 267 ikaenda 295. Kanuni ya Adhabu ilikuwa 120, sasa ni 128. Kosa la mauaji ulilokariri kwa vifungu 188 na 189 leo ni 171 na 172.

Mtego mbaya zaidi ni namba ambayo bado ipo lakini ni ya sheria nyingine. Ukiandika "Sura ya 16" ukiwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu kichwani, umetaja sheria inayounda mamlaka ya Mahakama Kuu. Ya mahakimu sasa ni Sura ya 19. Msahihishaji hawezi kujua ulimaanisha nini. Anaona tu kwamba hujui unasimama katika mahakama gani.

Chukua daftari moja kubwa, piga safu tatu: namba ya zamani, namba mpya, na kifungu kinasema nini kwa maneno yako mwenyewe. Usinakili sheria nzima. Vifungu 60 au 70 unavyovigusa kila mara vinatosha. Pakua sheria kutoka ULII (tovuti ya sheria na hukumu za Uganda), ni bure, na ujaze safu ya pili ukiwa umeifungua sheria yenyewe mbele yako, si kwa kufuata orodha ya mtu iliyotumwa WhatsApp. Utahitaji safu ya zamani pia, kwa sababu hukumu zote za kabla ya 2024 zinataja namba za zamani.

Kisha kuna mambo yaliyobadilika maudhui yenyewe, na hapo daftari za 2014 zitakudanganya waziwazi. Mirathi: marekebisho ya 2022 yalibadilisha mgawo wa mali ya asiyeacha wosia. Sasa mwenzi aliyebaki, awe mke au mume, anapata asilimia 20, watoto na wajukuu 75, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Daftari lako litasema mwenzi 15 na wategemezi 9. Madai: Kanuni za Mwenendo wa Madai zilirekebishwa 2019, zikaleta Oda ya 11A (Oda ni sehemu ya kanuni hizo). Masijala: tangu Machi 2022 kuna ECCMIS, mfumo wa kufungua kesi kielektroniki, kwa hiyo maelezo ya kupeleka nakala tatu dirishani hayatoshi tena. Jinai: soma hukumu ya Mahakama ya Juu ya 31 Januari 2025 katika kesi ya Kabaziguruka kuhusu raia kushtakiwa mahakama za kijeshi, lakini usiishie hapo, kwa sababu Bunge lilirekebisha sheria ya UPDF (jeshi la Uganda) mwaka huohuo.

Kinachofaa bado ni misingi: mkataba unaundwaje, uzembe unathibitishwaje, ushahidi wa kusikia ni upi. Hiyo ipitie kwa siku nne, usizidishe.

Dirisha_la_Masijala
Naongezea kwenye swali la pili. Chuoni uliulizwa "jadili". Hapa unapewa mteja, karatasi mbili za maelezo yake, na unaulizwa mambo yaleyale kila siku: hoja ni zipi, nafuu zipi anaweza kupata, aende mahakama gani, kwa utaratibu gani, kwa hati zipi na ushahidi upi. Halafu unaambiwa uandike hati mojawapo. Anayejua sheria yote lakini hawezi kuandika hati ya madai anapoteza alama nyingi kuliko anayejua nusu na anaandika.

Tuchukue mfano. Mwenye duka la jumla Kikuubo, Kampala, alimuuzia mwenye hadwea (duka la vifaa vya ujenzi) wa Gulu bidhaa za shilingi milioni 38. Mnunuzi alisaini barua ya kukiri deni, akaahidi kulipa kwa siku 60, hajalipa. Mteja anataka pesa yake haraka, na anataka pia fidia kwa usumbufu.

Mahakama: Hakimu Mkuu. Kikomo chake kwa madai ya kawaida ni milioni 50. (Kikomo hicho hakipo kwenye mgogoro wa kuingilia ardhi, kuharibu mali au kujitwalia mali ya mwingine. Hiyo ni pointi ambayo watu huisahau, wakapeleka Mahakama Kuu shauri ambalo lingesikilizwa chini.)

Utaratibu: kiasi kinajulikana hadi shilingi ya mwisho na kimekiriwa kwa maandishi, kwa hiyo ni shauri la mkato (mdaiwa hajitetei mpaka apewe ruhusa) chini ya Oda ya 36. Hapa ndipo fidia inapoharibu kazi. Fidia ya jumla haijulikani kiasi chake mpaka mahakama iipime, kwa hiyo haiingii Oda ya 36. Riba nayo haiingii kama haikukubaliwa kwenye mkataba. Mshauri mteja achague: pesa ya haraka bila fidia, au shauri la kawaida pamoja na fidia. Andika ushauri huo kwenye jibu. Msahihishaji anataka kuona umefikiri kama wakili.

Hati: hati ya madai, hati ya kiapo, na samansi ya Fomu Namba 4 katika Kiambatisho A. Watu huweka samansi ya kawaida inayompa mdaiwa siku 15 za kuleta utetezi. Hiyo si yake. Kwenye Oda ya 36 mdaiwa ana siku 10 za kuomba ruhusa ya kujitetea, na asipoomba, mdai anastahili hukumu.

Kiapo kina kazi tatu: kuthibitisha chanzo cha madai, kuthibitisha kiasi, na kusema kwamba mwapaji anaamini mdaiwa hana utetezi. Hilo la tatu ndilo linaloachwa, na likiachwa shauri zima linayumba. Aape mteja au mtu anayeyajua mambo hayo mwenyewe, usimwapishe wakili. Mwishoni pawe na mahali na tarehe ya kuapa, saini ya mwapaji na ya kamishna wa viapo. Barua ya kukiri deni iambatishwe ikiwa na alama, tuseme "A", na aya ya kiapo iitaje kwa alama hiyohiyo.

Fanya zoezi hili kwa kalamu, dakika 45, bila kufungua kitu. Kisha fungua sheria na ujisahihishe kwa wino mwekundu. Mkono uliozoea kibodi huchoka kabla ya ukurasa wa tano, na mwandiko ukiharibika hata jibu zuri halisomeki.

WestNile_Sheria
Asanteni sana, tayari nimeanza zile safu tatu. Mnieleze kuhusu siku. Naona siku 21, 15, 28, nazichanganya zote.

Dirisha_la_Masijala
Zifuate kama safari moja. Samansi ikitolewa, mdai ana siku 21 kuifikisha kwa mdaiwa. Zikipita bila kufikisha, ana siku 15 za kuomba nyongeza. Asipofanya hivyo kesi inafutwa bila taarifa. Mdaiwa akiipokea ana siku 15 za kuleta utetezi. Mdai ana siku 15 za kujibu utetezi. Baada ya jibu la mwisho, mdai ana siku 28 za kuchukua wito wa maelekezo (wa kwenda mahakamani kupangiwa kesi itakavyoendeshwa) chini ya Oda ya 11A, la sivyo kesi inakufa, na atalazimika kufungua upya kama muda wa ukomo wa madai bado unamruhusu. Hilo la 28 halimo kwenye daftari zako kabisa.

Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Na kati ya 24 Desemba na 15 Januari, siku zote mbili zikiwemo, muda wa kuwasilisha hati za madai hausogei. Mfano: mdaiwa amepokea samansi 18 Desemba. Tarehe 19 ni siku ya kwanza, 23 ni ya tano. Hesabu inasimama. Tarehe 16 Januari ni siku ya sita, na ya 15 inaangukia 25 Januari. Asiyeijua kanuni hii ataandika 2 Januari, kisha atamshauri mteja aombe hukumu kwa kukosa utetezi, na kila kitu kitakachofuata kwenye jibu lake kitakuwa kibovu. Siku ya mwisho ikikuta ofisi imefungwa, inahamia siku ya kwanza ya kufunguliwa.

Chora mstari wa tarehe pembeni mwa karatasi kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Dakika mbili tu.

Nnyabo_wa_Ruti
Ndugu yangu, kuhusu masaa: una 15 kwa juma. Mimi ningeyagawa hivi. Majuma matatu ya mwanzo ni ya safu tatu na mabadiliko aliyoyataja Mwalo. Kuanzia la nne hadi la kumi, kila juma somo moja au sehemu yake: madai mawili, jinai mawili, ardhi, biashara, familia. Usiku wa Jumatatu hadi Jumatano soma, Alhamisi na Ijumaa andika hati, Jumamosi jibu swali zima kwa saa ya ukutani. Majuma mawili ya mwisho changanya masomo bila mpangilio, kwa sababu mteja wa kwenye mtihani haji na jina la somo usoni. Mgogoro wa kiwanja huja na mirathi ndani yake, na mjane, na mkopo wa benki. Hapo uzoefu wako wa mikopo utakusaidia sana kwenye rehani, ila soma upya upande wa mdaiwa, maana ulizoea meza ya mkopeshaji.

Jinai: kila kosa liandike kwa vipengele vyake. Mauaji ni vinne: mtu amekufa, kifo ni kinyume cha sheria, kulikuwa na dhamira ovu, mshtakiwa alihusika. Kwenye hati ya mashtaka, maelezo ya kosa ni sentensi moja: nani, lini, wapi, alimfanya nani nini. Ushahidi usiuweke pale. Kwa dhamana ibara ya 23 ya Katiba iwe kidoleni: kumfikisha mtu mahakamani ndani ya saa 48, akiwa rumande siku 60 kabla ya kesi kusikilizwa, au 180 kabla ya kesi kupelekwa Mahakama Kuu kama kosa husikilizwa na mahakama hiyo peke yake, mahakama inampa dhamana kwa masharti inayoyaona yanafaa.

Na tafadhali usidharau maadili ya uwakili. Hayaji tu kama swali lake peke yake, yanafichwa ndani ya maswali mengine. Mteja anakuambia umtetee katika mgogoro wa mkataba ambao wewe ndiye uliyeshuhudia ukisainiwa. Ukikimbilia kuandika hati ya madai, umeanguka: kanuni ya 9 ya maadili inakukataza kusimama katika kesi ambayo unajua utaitwa kuwa shahidi. Vilevile anayekuahidi sehemu ya pesa za hukumu badala ya ada, kanuni ya 26 imekataza. Kila unapomaliza kusoma maelezo ya mteja, jiulize kwanza kama unaruhusiwa kumchukua.

Tafuta wenzako wawili walio Lira au Arua. Jumapili moja moja mbadilishane hati, kila mmoja asahihishe ya mwenzake akiwa na sheria mkononi. Ukiwa na hati ya Oda ya 36 tayari, iweke hapa, majina ya watu ukiwa umeyatoa. Tutaipitia aya kwa aya.