MJADALA: Dabo kebini ni gari la mizigo au la abiria?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, salamu. Nina hoja niliyoizungusha kichwani wiki nzima, leo naileta tuichambue.

Alfajiri ya Jumanne nilikuwa Mahakama ya Ndizi, lile soko la ndizi la Mabibo. Kirikuu moja, zile pikapu ndogo za Kijapani, ilikuwa inapakiwa. Kijana mmoja chini anarusha, mwenzake juu anapokea na kupanga, mikungu inalazwa vikonyo vikitazama nje. Nilihesabu mpaka 43. Hapo springi zilikuwa zimelala kabisa na tairi la nyuma limebakiza upana wa kidole kugusa bodi ya mzigo. Dereva akaizunguka gari, akalikanyaga tairi kwa kisigino, akasema, "Leta turubai." Nyuma yake kulikuwa na dabo kebini, pikapu ya milango minne, nyeupe, mpya, inapiga honi ipishwe. Ndani mtu mmoja. Bodi yake ina kifuniko cheusi kisicho na mkwaruzo hata mmoja.

Zote mbili tunaziita pikapu, na zote mbili tunazihesabu gari la mizigo.

Watu husema kila nchi ina pikapu inayoendana na barabara zake na kazi za watu wake: ya Marekani kubwa kwa kuwa nchi ni kubwa, ya Japani ndogo kwa kuwa vichochoro ni vyembamba. Mimi nabisha. Chunguza pikapu ya nchi yoyote, utakuta kodi ndiyo iliyoichonga.

Anza na kirikuu yenyewe. Sheria ya Japani ya magari madogo inataka injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48, na mzigo usizidi kilo 350. Ukikaa ndani ya vipimo hivyo, kodi yako ya mwaka inakuwa ndogo. Ndiyo maana Suzuki Carry na Daihatsu Hijet zina umbo la kiberiti. Mhandisi kabanwa urefu, kwa hiyo kamsogeza dereva mbele kabisa ili sentimita zote zilizobaki ziwe za mzigo. Bodi ya Carry ina urefu wa mita 1.94. Sasa chukua Ford F-150 ya milango minne, inayokaribia mita 5.9 toka bampa hadi bampa: ukiichagua na bodi yake fupi, unapata mita 1.7. Gari refu kuliko kirikuu kwa mita mbili na nusu lina bodi fupi kuliko ya kirikuu!

Twende Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya, zikiwemo Ujerumani Magharibi na Ufaransa, zilipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akajibu kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 kwenye wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori mepesi. Vile vingine vilikuja kuondolewa. Ule wa malori mepesi umebaki mpaka watoto waliozaliwa mwaka ule wamekuwa mababu. Wajapani walihangaika kuukwepa: pikapu za Isuzu na Mazda zilipelekwa kebini na chasi tu, zikilipiwa asilimia 4, bodi zikafungwa kulekule. Mlango huo ukafungwa mwaka 1980. Subaru nao wakaja na BRAT mwaka 1978, pikapu yenye viti viwili vya plastiki vilivyofungwa ndani ya bodi, ili forodhani ihesabiwe gari la abiria. Tafakarini hilo. Viti juu ya bodi, wazi, upepo na jua, kwa sababu ya kuku.

Kisha ikaja kanuni ya mafuta. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 kiwango cha ulaji wa mafuta ambacho kampuni inatakiwa kukifikia kinategemea eneo lililo kati ya magurudumu manne. Gari likitanuka, sharti linalegea. Basi magari yametanuka.

Pendekezo langu: nchi zetu za Afrika Mashariki ziipime pikapu kwa bodi yake. Dabo kebini itozwe kama gari la abiria. Singo kebini, yaani za viti vya mbele tu, na kirikuu, zinazolisha miji yetu, zipewe nafuu. Thailand, nchi inayotengeneza pikapu nyingi tunazoziona hapa, hutoza dabo kebini zaidi ya singo kebini. Uingereza tangu Aprili 2025 dabo kebini anayopewa mfanyakazi inakatwa kodi kama gari la abiria. Sisi tunangoja nini?

Mchangiaji, Houston, Texas

Mkuu, historia yako ya kuku ni sahihi, hata Wamarekani wengi hawaijui. Lakini umelivua soko jukumu lote ukaibebesha kodi.

Mimi nafunga uzio. Kila siku navuta tela lenye nguzo, mifuko ya saruji na mashine ya kuchimba mashimo. Kirikuu yako haiwezi kulitoa tela hilo hata uani. Pia mwanao wa shule yuko kilomita 30, na unataka gari moja lifanye yote. Ford wanaongoza kwa kuuza pikapu huku tangu 1977, na hakuna askari aliyemshikia mtu bunduki akanunue.

Hata hivyo nakuongezea hoja, ingawa inanipinga. Ford walipotoa Maverick, pikapu ndogo iliyoundwa Hermosillo, Mexico, oda za toleo la 2022 zilijaa kiasi kwamba Januari ya mwaka huohuo wakaacha kuzipokea. Miaka mingi tuliambiwa hakuna mteja wa pikapu ndogo. Mteja alikuwepo, ila pikapu kubwa ndiyo yenye faida nono.

Mchangiaji, Kinangop, Kenya

Ndugu mleta mada, mimi ni mama wa watoto watatu, nafuga ng'ombe wa maziwa na kulima viazi. Nimesoma pendekezo lako nikakasirika, wacha nikueleze sababu.

Baba yangu alikuwa na Peugeot 504 pikapu, zile zilizounganishwa hapahapa Kenya. Magunia ya viazi nyuma, baba na mama mbele, sisi watoto juu ya magunia. Mvua ikinyesha tunajifunika turubai pamoja na mzigo. Na wale walioabiri matatu za "face me" wanakumbuka: benchi mbili kwenye bodi ya pikapu, magoti yakigongana, ukishikilia chuma. Watu walianguka. Watu walikufa. Leo nina Isuzu D-Max ya dabo kebini niliyonunua kwa mkopo wa Sacco. Jumatatu inabeba mikebe ya maziwa, Jumapili inatupeleka kanisani, na kila mtoto ana mshipi. Wewe unataka nilipe kodi zaidi kwa kuwatoa watoto kwenye bodi?

Ukiweka kodi hiyo, yule wa bodi isiyo na mkwaruzo atalipa bila kuhisi. Mimi ndiye nitakayerudi kwa singo kebini, na watoto watarudi juu ya magunia.

Mleta mada

Dada wa Kinangop, nimekusoma mara tatu. Kuhusu watoto juu ya magunia sina jibu la haraka. Hata hapa Dar tulikuwa na chai maharage, pikapu za benchi zilizobeba watu hivyohivyo, na hakuna anayetaka zirudi.

Ila nikuambie kitu. Mwaka 1932 mke wa mkulima wa Gippsland, Victoria, Australia, aliwaandikia Ford akiomba karibu hicho unachokisema: gari la kwenda nalo kanisani Jumapili na la kupelekea nguruwe sokoni Jumatatu. Mhandisi kijana, Lew Bandt, akachora, na mwaka 1934 kiwanda cha Geelong kikaanza kuitoa. Ndiyo hiyo Waaustralia wanaiita "ute". Ilikuwa ya chini kama gari dogo, ina siti moja ya mbele, na bodi ndefu. Iliishi miaka zaidi ya 80. Ford Falcon ya mwisho ya aina hiyo ilitoka 2016, kiwanda cha Holden, washindani wa Ford huko, kikafungwa 2017, na leo pikapu zinazonunuliwa sana Australia ni Ford Ranger na Toyota Hilux, nyingi zikiwa dabo kebini kutoka Thailand. Ninachojiuliza ni kama mama yule wa Gippsland angepata leo gari la bei yake.

Mchangiaji, Nizwa, Oman

Assalaam alaykum jamaa zangu. Nataka kuipinga nadharia ya kodi kwa mfano wa huku.

Ushuru wa forodha wa magari nchi za Ghuba ni asilimia 5, pikapu au saluni. Kodi haimsukumi mtu popote. Sasa njoo Ijumaa asubuhi soko la mbuzi la Nizwa, utazame kinachoegeshwa. Land Cruiser pikapu ya singo kebini, tunayoiita shasi, imejaa. Mzee ana dabo kebini nyumbani, ila mbuzi anawaleta kwa shasi. Na vijana wenye pesa, wasio na mbuzi hata mmoja, wanainunua hiyohiyo ya viti vya mbele tu, wanaipendezesha, wanaipandisha kwenye michanga. Kwetu fahari imekaa kwenye singo kebini. Umbo lile halijabadilika sana tangu 1984, na hakuna aliyeliandikia kifungu cha sheria. Jangwa ndilo lililoamua.

Mchangiaji, Morogoro

Mimi ni muuguzi, nitasema ninachokiona.

Wote mnasifia kirikuu kwa bodi yake. Mimi huwapokea madereva wake. Gari halina pua. Anayekaa mbele, magoti yake ndiyo bampa. Barabara kuu ya Dar hadi Morogoro kirikuu iliyojaa nyanya ikigusana na lori, mguu ndio unaotangulia kuvunjika. Marekani kwenyewe baadhi ya majimbo, kama Georgia na Maine, yalikataa kuyasajili magari haya kwa hoja hiyo ya usalama.

Wala hizo kubwa si salama kwa aliye nje. Taasisi ya bima ya Marekani inayochunguza ajali ilitoa utafiti mwaka 2023: gari ambalo boneti lake limeinuka zaidi ya mita moja hivi, likimgonga mtembea kwa miguu, uwezekano wa kumuua unazidi kwa asilimia 45 hivi ule wa gari lenye boneti la chini lililoteremka. Mtoto wa darasa la pili ana urefu gani? Simameni mbele ya pikapu mpya mpime boneti linamfika wapi.

Kwa hiyo mnapojadili kodi ya bodi, mkumbuke pia kodi ya damu. Kirikuu iendeshwe mjini, mwendo mdogo, na isizidishiwe mzigo. Kilo 350 ni kikomo cha sheria, na breki na springi zake zimeundwa kwa mzigo huo.

Mleta mada

Nashukuru wote. Nimebadilika katika mambo mawili na sioni haya kusema.

Ndugu wa Nizwa kanikamata. Kodi haichongi kila pikapu. Panapokosekana kodi, ardhi na fahari huchonga. Bado nasema Japani na Marekani ni kodi, na Afrika Kusini pia inanitia wasiwasi: walikuwa na Nissan NP200, pikapu ya nusu tani ya fundi bomba na muuza mboga, iliyoundwa Rosslyn. Imesitishwa 2024. Brazil, kwa upande mwingine, Fiat Strada, ndogo ya aina hiyohiyo, iliongoza mauzo ya magari yote mwaka 2021, si ya pikapu peke yake. Pikapu ndogo inapokuwepo, inanunuliwa.

Dada wa Kinangop naye kanibadilisha. Naondoa neno "dabo kebini" kwenye pendekezo langu. Kodi ifuate kazi: mwenye shamba, duka au leseni ya usafirishaji apewe nafuu, iwe kebini moja au mbili. Asiye na kazi hiyo alipe kama mwenye gari la abiria. Najua mtaniuliza nani atakagua, na vyeti vya shamba vitachapishwa mtaani. Hilo tulijadili, ila lisiwe sababu ya kuacha mambo yalivyo.

Na kilo 350, muuguzi, mikungu 43 niliyoihesabu Mabibo, hata kwa kilo 20 mkungu mmoja, inapita kilo 800. Niliwasifia wale vijana. Sikupiga hesabu.

Mchangiaji, Mbagala

Naendesha kirikuu mwaka wa sita. Nimewasoma toka juu.

Nyuma ya gari langu, kwenye mlango wa bodi, lilipokuja palikuwa na maandishi ya Kijapani na mwisho wake "350 kg". Nilidhani ni mambo ya mwenye gari wa kwanza. Fundi akapiga rangi juu yake, nikaandika jina la binti yangu. Leo ndiyo najua maandishi yale yalikuwa yanasema nini.

Lakini wakuu, kilo 350 kutoka Mabibo hadi Mbagala hazilipi mafuta, hesabu ya tajiri na posho ya kijana. Nikibeba 350 narudi nyumbani mkono mtupu. Mnaoongea na serikali, nafuu mnayoipendekeza mwenye gari ataipata siku ya kununua. Mimi natafuta hesabu ya kila siku. Nipeni gari la kilo 800 kwa bei ya hili, nitaliheshimu hilo andiko.

Kuna anayejua hiyo Strada ya Brazil huku inafika kwa shilingi ngapi?